Hapana kwa Swali Lipi

Vitu vingi nilivyotengeneza kwa mikono yangu katika miaka ya ukemia havikudhuru kirusi hata kimoja. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Ndivyo kazi ilivyo. Mkemia wa dawa hutengeneza molekuli, huisafisha, hujiridhisha kuwa aliyoipata ndiyo aliyoikusudia, kisha hupima miligramu chache kwenye kichupa na kuwapelekea watu wa virusi. Baada ya muda hurudi jedwali. Mbele ya kila molekuli pana namba inayosema ni kiasi gani kinahitajika ili kuzaliana kwa virusi kushuke kwa nusu. Namba ikiwa ndogo ni habari njema. Kwenye majedwali yangu, mstari baada ya mstari, iliandikwa ">100". Maana yake ni kwamba hata kwenye kipimo cha juu kabisa cha jaribio, virusi viliendelea na shughuli zao.

Nilikuwa Uingereza, binti wa Tanga anayesomea uzamivu, miaka ile ambayo nusu ya wakemia wa dawa duniani walikuwa wanakimbizana na homa ya ini aina ya C. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1989, lakini kwa miaka kumi hakuna aliyeweza kukifanya kizaliane vizuri kwenye seli za maabara, mpaka kundi la Ralf Bartenschlager huko Ujerumani lilipofanikiwa mwaka 1999 kwa kutumia kipande tu cha kanuni zake za urithi. Kabla ya dawa mpya, mgonjwa alichomwa sindano za intaferoni kila wiki na kumeza ribavirini kwa miezi sita au mwaka mzima. Alipata homa, nywele zilimkatika, moyo ukazama kwa huzuni, na baada ya mateso yote hayo wengi hawakupona. Sote tulitaka kidonge.

Hila tuliyoitumia ni ya zamani kidogo. Kirusi kikitaka kuzaliana lazima kinakili kanuni zake, herufi moja baada ya nyingine, kwa kimeng'enya kinachozitunga kama mtu atungaye shanga kwenye uzi. Kimeng'enya hicho hakina macho makali. Ukikiletea shanga inayofanana na zile za kawaida lakini imetobolewa upande mmoja tu, kitaipokea, na inayofuata haitapata pa kupita. Utungaji unakwama hapo. Dawa nyingi za VVU na za homa ya ini zinafanya kazi kwa namna hiyo, ingawa kila moja ina tundu lake lililozibwa kivyake.

Ugumu ni kwamba shanga hiyo haitungiki mpaka ibebe fosfati tatu, na fosfati hizo huongezwa na vimeng'enya vya seli ya mgonjwa mwenyewe, moja baada ya nyingine. Kimeng'enya cha kwanza ndicho kinachochagua sana. Kikiikataa molekuli, vile vingine viwili havitaiona kamwe. Na huwezi kuikwepa hatua hiyo kwa kumpa mgonjwa molekuli yenye fosfati tayari, kwa sababu fosfati ina chaji za umeme na utando wa seli ni mafuta. Haipiti. Jibu lililopatikana ni kuzifunika chaji hizo: kipande cha asidi ya amino upande huu, kipande cha fenoli upande ule, mzigo mzima unapita kwenye mafuta, halafu vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli vinavua kifuniko na kuiacha fosfati ya kwanza mahali pake. Ustadi huo uliendelezwa kwa miaka mingi na Chris McGuigan na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cardiff. Alifariki mwaka 2016, na leo mamilioni ya watu wamemeza kazi yake bila kulijua jina lake.

Kwenye meza ya kazi, kuuanzisha mmenyuko wenyewe hakukuwa kazi kubwa. Unahitaji chupa iliyokaushwa vizuri, gesi isiyoingiliana na kitu juu yake, viyeyushi visivyo na hata dalili ya maji, na mikono isiyo na haraka. Shida ilianza kwenye kusafisha. Nguzo ndefu ya unga wa silika, mirija ya kukusanyia iliyopangwa rafu kwa rafu, na katikati ya yote hayo kitu chako, kidogo, chenye kunata, kimejificha baina ya takataka zinazofanana nacho. Ukimaliza, unakipeleka kwenye mashine ya sumaku kusoma fosforasi. Vilele viwili vilivyosimama karibu karibu vilitufanya tupige makofi: molekuli ilikuwa sahihi, ila katika sura mbili, kama mkono wa kushoto na wa kulia, kwa kuwa fosforasi yake imezungukwa na vitu vinne tofauti. Huwezi kuamini furaha ambayo mtu mzima anaweza kuipata kutokana na vilele viwili.

Kisha jedwali lilirudi na ">100" yake.

Profesa wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomwambia kwamba kundi zima la molekuli halifanyi kazi, hakuzitazama namba. Aliuliza jaribio lilifanywa kwenye seli zipi. Seli hizo zina kimeng'enya cha kuvua kifuniko, au ni seli za kansa zilizokwishapoteza nusu ya tabia za ini? Kuna aliyepima kama molekuli iliingia? Na kama iliingia, iligeuzwa ikafika fosfati tatu, au ilikwama kwenye moja? Sikuwa na jibu hata moja, kwa sababu hakuna aliyeyauliza maswali hayo; tuliuliza swali moja tu, kama virusi vimepungua, tukajibiwa hilo. Akanirudishia karatasi, akasema hiyo ni hapana kwa swali nililouliza, sasa nikaulize jingine.

Wakati ule nilidhani ananifariji. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananieleza jinsi dawa kubwa kuliko zote za fani yetu ilivyopatikana.

Kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Pharmasset ilikuwa na molekuli iliyoitwa PSI-6130, ya ukoo wa sitidini, yenye florini na methili kwenye sukari yake. Ilikizuia kirusi cha homa ya ini C, ila si kwa nguvu ya kuridhisha. Watafiti walipofuatilia yanayoipata ndani ya seli za ini, waliona kwamba sehemu yake inageuzwa kuwa molekuli nyingine, ya ukoo wa uridini. Hiyo ya pili haikuwa ngeni. Ilikwishapimwa peke yake ikaonekana haina kazi, ikawekwa kando. Hata hivyo, fosfati zake tatu zilipokuwa zimetimia, ilikibana kimeng'enya cha kirusi barabara, na ndani ya seli za ini ilichukua takriban saa 38 kupungua kwa nusu, ilhali ile iliyotokana na PSI-6130 ilichukua kama saa 5 tu. Molekuli iliyotupwa ilikuwa bora kuliko iliyotunzwa. Kilichoishinda ni ile fosfati ya kwanza, ambayo seli ilikataa kuiweka.

Ukishalijua hilo, kemia inayobaki ni ya kifuniko. Michael Sofia na kundi lake waliifunika fosfati hiyo ya kwanza kwa ustadi wa aina ya Cardiff, wakajaribu vifuniko vingi, wakazitenganisha zile sura mbili za fosforasi na kuchukua iliyo na nguvu zaidi. Ndiyo sofosbuvir. Kifuniko kinavuliwa kwa wingi kwenye ini, na ini ndiko kirusi kilikojificha. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2013, na ikitumiwa pamoja na dawa nyingine, wagonjwa zaidi ya 9 katika kila 10 wanapona kwa vidonge vya wiki 12. Wanapona kabisa, kirusi kinatoka mwilini. Mimi nilikuwa bado maabara habari hizo zilipokuwa zinathibitika, na nakumbuka wenzangu wawili walijiuliza kwa sauti tutafanya nini sasa, maana ugonjwa tuliokuja kuutafutia dawa umeshapata dawa.

Tulikuwa hatujaiona bei. Dola 84,000 kwa tiba moja, dola 1,000 kila kidonge. Misri, nchi yenye mzigo mzito mno wa ugonjwa huu, ilikaa mezani na watengenezaji na kufikia mwaka 2014 ikawa inalipa dola 900 kwa tiba hiyo hiyo. Na mzigo wa Misri una historia ambayo mtu wa mwambao anapaswa kuijua, kwa kuwa chanzo chake ni kichocho. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980 serikali iliwatibu wananchi wa vijijini kwa sindano za chumvi ya antimoni, na sindano zile, zilizorudiwa kutumika bila kuchemshwa vizuri, zilisambaza kirusi ambacho hakuna aliyejua kuwa kipo. Kampeni iliyouliza "Je, kichocho kinapungua?" ilijibiwa ndiyo, kwa haki kabisa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2018, nchi hiyo ilianza kuwapima watu wazima kwa mamilioni, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa ya kwanza kufikia kiwango chake cha dhahabu kwenye safari ya kuitokomeza homa ya ini C.

Karibu zaidi na kwetu, Rwanda ilitoa somo ambalo wakemia wengi wa Ulaya hawalisimulii. Majaribio makubwa ya dawa hizi yalifanywa hasa Marekani na Ulaya, kwa watu wenye aina za kirusi za huko. Rwanda na majirani zake wana aina ya 4 yenye matawi yake, na tawi moja linaitwa 4r. Wagonjwa wa Rwanda walipopewa sofosbuvir pamoja na ledipasvir katika utafiti mmoja, kwa jumla karibu asilimia 87 walipona, lakini miongoni mwa wenye 4r waliopona walizidi nusu kidogo tu. Waliobaki walipopewa mchanganyiko wa dawa tatu karibu wote walipona. Dawa haikuwa na kosa. Swali liliulizwa kwa watu wengine, na jibu likabebwa hadi Kigali kana kwamba ni la kila mtu.

Mpaka hapa nimesema zaidi habari za hapana zilizodanganya. Zipo pia ndiyo zilizoua, na hizi ndizo zinazonikosesha usingizi ninapofundisha.

Mwaka 1993, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huko Bethesda, wagonjwa 15 wa homa ya ini B walianza kumeza fialuridini, nyukleosidi yenye florini, jamaa wa karibu wa vitu tulivyokuwa tunatengeneza sisi. Ilikwishapimwa kwa wanyama na ikaonekana salama. Majaribio mafupi ya mwanzo kwa binadamu yaliwafurahisha madaktari, maana virusi vilishuka kwa kasi. Baada ya wiki kadhaa wagonjwa wakaanza kulalamika uchovu na kichefuchefu, damu yao ikajaa asidi, maini yakaanza kufa. Dawa ilisimamishwa, lakini madhara yaliendelea kujitokeza. Saba walipata kushindwa kwa ini. Watano walifariki, wawili waliokolewa kwa kupandikizwa ini jingine.

Ilichukua zaidi ya miaka kumi kupata kipande muhimu cha maelezo. Mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, vina kanuni zao za urithi na kimeng'enya chao cha kuzinakili, na kimeng'enya hicho nacho kiliipokea fialuridini. Ila ili ifike huko ilihitaji mlango, yaani protini ya kuivusha kwenye utando wa mitokondria. Binadamu anayo hapo. Panya hana. Kwa hiyo panya alijibu kwa ukweli wote kwamba dawa haimdhuru, na alikuwa anazungumzia panya.

Nilifundishwa kisa hicho darasani kama historia. Kisha Agosti 2012 kikafika mlangoni. Molekuli moja ya homa ya ini C iliyojengwa kwa ustadi ule ule wa vifuniko, na iliyonunuliwa pamoja na kampuni yake kwa dola bilioni 2.5 mapema mwaka huo, ilisimamishwa baada ya wagonjwa kupata matatizo ya moyo, na mmoja wao kufariki. Kwenye seli ilikuwa na nguvu za kutisha. Siku zile maabara yetu haikuwa na maongezi. Kila mmoja alirudi kwenye daftari lake kutazama safu za sumu, zile namba ambazo huwa tunazipita haraka tukikimbilia safu ya virusi. Nami tangu hapo najizoeza kusoma majedwali kutoka mkono wa kulia.

Sijui kama kuna molekuli iliyobebeshwa majibu mengi yanayogongana kama remdesivir. Ilizaliwa kwenye kampuni ya Gilead, katika utafiti ulioanza mwaka 2009 kuhusu homa ya ini C na kirusi kimoja cha njia ya hewa kinachosumbua watoto. Kwa homa ya ini haikuendelea. Ikachukuliwa kupimwa dhidi ya Ebola, na kwenye nyani ikawalinda vizuri. Kuanzia Novemba 2018 ikawa inapimwa Kivu Kaskazini, nchi ya Waswahili wa bara kama ninavyopenda kuiita, kwenye vituo vya tiba vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Huko, chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum na wenzake, lilifanyika jaribio la dawa nne, katikati ya vita, wahudumu wakishambuliwa na baadhi ya wananchi wakiamini Ebola ni mradi wa watu.

Nilizisikiliza habari zake redioni kwa Kiswahili, jambo ambalo halikuwahi kunitokea kwa molekuli yoyote ya fani yangu. Wagonjwa 681 walishiriki. Agosti 2019 wasimamizi waliamua kusitisha makundi mawili ya jaribio kwa sababu jibu lilikuwa wazi: waliopewa remdesivir walifariki kwa takriban asilimia 53, ilhali waliopewa dawa mbili za kingamwili walifariki kwa takriban asilimia 35 na 34. Moja ya kingamwili hizo ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Mkemia ndani yangu alisononeka. Mwafrika ndani yangu alitembea kifua mbele wiki nzima, nami sioni haja ya kulificha hilo.

Miezi michache baadaye ikaja Uviko-19, na molekuli iliyoshindwa Beni ikatolewa tena kabatini. Jaribio kubwa lililoratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwa wagonjwa waliolazwa halikuona kwamba inapunguza vifo kwa kiasi cha maana. Hapana nyingine. Halafu utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2021 ukawachukua watu ambao hawajalazwa, walio katika siku za mwanzo za dalili na wenye hatari ya kuzidiwa, ukawapa dripu kwa siku tatu tu. Hatari ya kulazwa ilishuka kwa asilimia 87. Molekuli ni ile ile na kirusi ni kile kile. Aliyebadilika ni aliyeuliza: wa kwanza aliuliza habari za mapafu yaliyokwisha kuwaka moto kwa hasira za kinga ya mwili, wa pili aliuliza habari za virusi vinavyozaliana. Dawa ya kuzuia kuzaliana kwa virusi inaweza kulijibu la pili. Nimewahi kubishana na daktari mmoja, rafiki yangu, ambaye mpaka leo anaiita maji ya bei ghali. Namwelewa, kwa kuwa wagonjwa wake walimfikia siku ya kumi.

Nilirudi Tanzania kufundisha, na kemia niliyoikuta haina sumaku kubwa wala kabati la viyeyushi vikavu. Wanafunzi wangu wengi wanafanya kazi na mimea, na mimi nimejifunza kuiheshimu kazi hiyo, ila nimekuwa mkali kwenye mambo mawili. La kwanza ni pale mwanafunzi anapokuja na uso uliokunjamana, anasema mti fulani anaotumia bibi yake kwa homa ya ini hauna kitu. Namuuliza bibi aliuchemsha kwa maji, au aliuloweka kwenye methanoli kama wewe? Alitumia mizizi au magome? Aliuchuma masika au kiangazi? Na ulipima nini, kuzuia virusi, au kushusha homa, au kutuliza tumbo? Huenda bibi hakuwahi kudai kwamba unaua virusi. Alisema mgonjwa alipata nafuu.

La pili ni kinyume chake, na hapa ndipo ninapogombana na watu mpaka kwenye harusi. Nchi nzima imejaa watu waliotibiwa homa ya ini kwa dawa ya kienyeji au ya chupa isiyo na lebo, wakapona, na ushuhuda wao ni wa kweli. Macho yalikuwa ya njano, sasa ni meupe. Lakini homa ya ini A huondoka yenyewe kwa walio wengi. Na mtu mzima mwenye kinga nzuri anayeambukizwa aina ya B leo, kwa uwezekano wa zaidi ya 9 katika 10, mwili wake utakifukuza kirusi bila msaada wa mtu. Ukimpa maji ya muarobaini atapona, usipompa atapona. Mambo ni tofauti kwa mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa: watoto kama 9 katika kila 10 hubaki nacho maisha yao yote, mara nyingi bila njano, bila maumivu, mpaka ini linapokakamaa kwa makovu au kuota saratani. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka chanjo ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na homa ya ini B sugu mwaka 2022, na wengi wao hawajui.

Mdogo wangu wa kiume hakujua. Alikwenda kuchangia damu kwa ajili ya jirani, wakamwita pembeni. Baada ya vipimo vya ini na vya wingi wa virusi alianzishiwa tenofovir, na mimi, niliyeishi na ukoo huo wa dawa kwenye chupa za maabara, nikajikuta naushika mkononi ukiwa kidonge cha mtu wa nyumbani.

Nikamsimulia kilivyopatikana, naye akavumilia kunisikiliza. Nilimweleza juu ya Antonín Holý, mkemia wa Prague, aliyekuwa anatengeneza molekuli zake katika Chekoslovakia ya ujamaa na kuzituma Ubelgiji kwa Erik De Clercq, mtu wa virusi, huko Leuven. Wawili hao walifanya kazi hivyo kwa miaka mingi, mmoja anatengeneza, mwingine anapima. Holý aliipa molekuli fosforasi iliyofungwa kwa namna ambayo vimeng'enya haviwezi kuing'oa, hivyo ile fosfati ya kwanza inayotutesa sisi wengine ikawa imeshapatikana. Mwaka 1995 tenofovir ilichomwa nyani kwa sindano ikawakinga na kirusi cha jamaa ya VVU. Ila kwa mdomo haikufaa kitu: chaji zake mbili ziliuzuia utumbo kuifyonza. Kifuniko kikatafutwa. Ikawa kidonge cha VVU mwaka 2001 na cha homa ya ini B mwaka 2008, na leo imo ndani ya kidonge kimoja kinachotolewa kwenye kliniki zetu za VVU, yaani CTC, kila siku. Holý alifariki tarehe 16 Julai 2012, siku ile ile Marekani ilipoidhinisha dawa yenye tenofovir itumiwe na wasio na VVU ili kujikinga.

"Dada," alinikatiza, "hayo nimeyasikia. Mimi nakuuliza hili." Akanipa karatasi. Kipimo cha wingi wa virusi kilisema havionekani.

Alitaka kuacha. Alikuwa amemeza kidonge kila usiku bila kukosa, ini lake limetulia, na karatasi ya hospitali inasema hakuna kirusi. Mkewe alishaanza kumwambia kwamba mzee mmoja wa kanisani aliacha na yuko salama. Nikamwambia kipimo kile kimetafuta virusi kwenye damu, na kwenye damu kweli havionekani, kwa sababu dawa inavizuia visizaliane. Hakikuulizwa kuhusu ini. Ndani ya kiini cha seli za ini, kirusi cha B huacha kanuni zake zimejikunja duara, zimetulia, na tenofovir haizigusi. Inazuia nakala mpya tu. Ukiiacha bila daktari kukusimamia, kutoka kwenye duara lile virusi vinaweza kufumuka, na wakati mwingine ini linawaka kwa ghafla kiasi cha kumlaza mtu.

"Kwa hiyo karatasi inadanganya?"

"Haidanganyi. Uliza kipimo kingine, kile cha antijeni ya juu ya kirusi. Hiyo nayo ikipotea na isirudi, ndipo daktari ataanza kuzungumza na wewe habari za kuacha."

Tulikubaliana mambo ambayo kwangu yalikuwa na uzito kuliko kemia yote: mkewe apimwe, na kama hana apate chanjo, watoto nao wapimwe, hata kama walichanjwa utotoni. Wote walipimwa. Hakuna aliyekutwa nacho, na mkewe alimaliza sindano zake tatu.

Akataka kujua kama atakimeza kidonge hicho mpaka kufa. Nilimwambia wengi humeza kwa miaka mingi, na kwamba antijeni hupotea kwa wachache sana wanaotumia vidonge hivi. Nikaongeza kuwa watu wanatafuta kitu cha kulinyamazisha lile duara au kuliondoa, na kwamba baadhi ya walivyonavyo vimeshafika kwenye majaribio ya binadamu. Nilitaka kumweleza jinsi vinavyofanya kazi, lakini alikuwa na swali lake.

"Ni vidonge au sindano?"

"Vingi ni sindano."

Akasema basi wasiharakishe kwa ajili yake, akaenda kutafuta maji ya kumezea.